Maji machafu ya CPU ya kahawa: yaache yachachuke kwanza, chokaa baadaye

Msimu unakaribia na simu zimeanza: "Afisa, tumepata mashine ya kumenya kahawa mbivu, tuchimbe shimo la maji la ukubwa gani?" Swali zuri, ila mara nyingi linakuja mashine ikiwa imeshafungwa, tena hatua chache kutoka mtoni.

Kikundi kimoja nilichokuwa nakifuatilia kilichimba shimo moja, wakapiga hesabu ya siku ya kawaida. Siku za kilele likafurika usiku. Asubuhi kina mama walioenda kuteka maji wakakuta kijito cheusi kinanuka kama pombe iliyoharibika. CPU ikasimamishwa siku tano, kahawa mbivu ikachachukia kwenye magunia, na mkopo wa mashine ukaendelea kudai. Mimi nami nina sehemu yangu hapo: nilikagua mashine, shimo sikulikagua.

Tatizo la maji haya ni sukari na ulenda wa tunda, wala siyo sumu. Yakiingia mtoni, vijidudu vinaila ile sukari na kumaliza hewa ya oksijeni ndani ya maji, samaki na wadudu wa maji wanakufa. Kiwango kinachoruhusiwa Tanzania kwa majitaka yanayotoka kiwandani ni BOD miligramu 30 kwa lita. Maji ya kumenyea kahawa yana maelfu. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "tutayapitisha kwenye majani kidogo yatakuwa safi", mwambie bado.

Kabla ya kuchimba chochote, pima unatumia maji kiasi gani. Chukua ndoo ya lita 20, iweke kwenye bomba linaloingia kwenye mashine, tazama saa. Ikijaa kwa sekunde 20, hiyo ni lita 60 kwa dakika. Mkimenya saa 4, mmetumia lita 14,400. Kama siku hiyo mmemenya kilo 3,000, ni karibu lita 5 kwa kila kilo. Kilele kikidumu siku 10 unahitaji nafasi ya meta za ujazo 144, na hapo hujahesabu maji ya kuoshea wala mvua. Nani ana kiwanja cha shimo hilo?

Ndiyo maana dawa ya kwanza ni kuzungusha maji. Weka tangi chini ya mashine, wavu wa kuchuja maganda, na pampu ndogo inayorudisha maji yaleyale juu. Unaongeza kidogo kidogo yale yanayopotea. Lita 14,400 zinaweza kushuka hadi 3,000 au 4,000. Lakini sikilizeni vizuri: maji ya kuzungusha ni ya siku hiyohiyo. Jioni yamwage yote kwenye shimo na osha tangi, maana yakilala yanachachuka na kahawa ya kesho itabeba harufu yake. Na kuosha kwa mwisho baada ya kuvundika ni kwa maji safi tu. Hapo usibane matumizi, mnunuzi ataonja.

Maganda nayo yasisafirishwe kwa maji. Yanakaribia asilimia 40 ya uzito wa kahawa mbivu, na kila dakika yanayokaa majini yanatoa sukari. Yabebe kwa toroli hadi kwenye mboji.

Sasa shimo. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanamwaga chokaa kwenye maji mabichi siku ileile. Ulenda unabaki umeyeyuka, maji yanakuwa kama uji, chokaa imeisha na hela imeisha. Subira inahitajika. Katika shimo la kwanza yaache maji yachachuke yenyewe siku chache hadi pH ishuke kufikia 4 hivi. Ukali huo ndio unaougandisha ulenda. Utaona unapanda juu kama ukoko mzito. Uopoe kwa chepe lenye matundu, upeleke kwenye mboji pamoja na maganda. Hiyo ni kazi kubwa ambayo uchachu umekufanyia bure.

Maji yaliyobaki chini ya ukoko ndiyo yanaingia shimo la pili. Hapo ndipo chokaa inafaa, kidogo kidogo huku ukikoroga na kupima kwa karatasi za pH, mpaka yafike kati ya 6 na 7. Mawe ya chokaa ni rahisi zaidi ila yanafanya kazi polepole. Maji yakigeuka kijani iliyokolea au meusi msishtuke, ni rangi ya kahawa yenyewe. Rangi pekee isikudanganye upande wowote, pima. Kisha yapeleke bwawa la tatu, pana na lenye kina kifupi, ili yapate hewa.

Kutoka hapo, yatumie kwenye majani ya malisho, kama guatemala au matete, au migomba. Gawa eneo vipande, leo hiki kesho kile, udongo upumzike. Ukimwagilia palepale kila siku udongo unaziba na mizizi inakosa hewa. Usiweke kwenye kitalu cha miche, wala kwenye mboga za kuliwa mbichi. Na maji ya choo yasiungane na mfumo huu hata kwa bahati mbaya.

Wenye mtambo wa bayogasi wataniuliza. Inawezekana, ila usimwage maji makali moja kwa moja kwenye mtambo wa samadi; uchachu unaua vijidudu vinavyotengeneza gesi, na kuufufua mtambo ni kazi ya wiki.

Kuhusu sheria: Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli ndani ya meta 60 kutoka kingo za mto. Mashimo yawe nje ya hapo, na yawe chini kuliko kisima chenu. Maji yakitoka kwenye eneo lenu kwenda mtoni, mnahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde, na NEMC wana haki ya kuja kukagua. Zungushieni uzio pia: ukoko unaonekana kama ardhi ngumu, na mtoto hajui.

Wenye CPU tayari, fanyeni kipimo cha ndoo wiki hii, mniletee namba tatu: sekunde za kujaa, saa za kumenya, na kilo za siku ya kilele mwaka jana. Tutapiga hesabu ya shimo pamoja kabla hamjamlipa mchimbaji.