Kompyuta ya Filamu Isiyo na Feni: Joto Litokee Wapi?

Somo la toleo hili ni la kazi ya mikono: kutengeneza kasha la kompyuta ya kuunganisha na televisheni au projekta, kwa ajili ya filamu na sauti, lisilo na feni hata moja. Atakayeuliza mwanafunzi wa masomo ya Kiislamu anatafuta nini huku, ajue kwamba joto halimuulizi mtu yuko kitivo gani. Hosteli tunakaa wanne chumba kimoja. Mmoja anasikiliza qiraa kwa sauti ya chini, mwingine amelala, na mashine iliyo mezani inavuma usiku kucha. Kwenye chumba cha darsa ni hivyo hivyo: mhadhara uliorekodiwa vibaya ukichanganyika na mvumo wa feni, waliokaa nyuma hawaambulii kitu.

Tuanze na swali ambalo wengi hulipita: feni inafanya kazi gani hasa? Umeme unaoingia kwenye kichakataji huishia kuwa joto, karibu wote. Kichakataji cha wati 15 ni pasi ndogo ya wati 15. Feni hailiui joto hilo, inalihamisha tu kwa kusukuma hewa kwenye mapezi ya chuma. Ukiing'oa, joto linabaki palepale. Ndiyo sababu mtu anang'oa feni, anafurahia ukimya kwa nusu saa, kisha filamu inaanza kukwamakwama. Kichakataji kikipata joto kupita kiasi hupunguza kasi chenyewe ili kijiokoe, na likizidi zaidi mashine huzimika. Kwa hiyo kasha la kimya ni lile lililojengewa njia nyingine ya kutolea joto, na kazi yetu yote ni kuijenga njia hiyo.

Njia fupi ni ile yenye joto dogo la kusafirisha, kwa hiyo chagua kichakataji kabla ya kukata bati. Kichakataji cha mezani cha wati 65 kinaweza kupozwa bila feni, lakini kinahitaji kasha zito na la gharama. Kwa filamu huhitaji nguvu hizo. Intel N100, kilichotoka mwaka 2023, kimepangiwa wati 6 tu, na ndani yake mna sehemu maalumu ya kufungua video za aina ya HEVC na AV1. Hili ni muhimu kuliko linavyoonekana. Kichakataji cha zamani kisicho na sehemu hiyo hulazimika kufungua video kwa kutumia viini vyake vyote, na hapo kinachemka hata kama filamu yenyewe ni ya kawaida. Ubao wa ASRock N100DC-ITX una ukubwa wa sentimita 17 kwa 17, unakuja na mapezi ya alumini bila feni, na unapokea umeme wa volti 19 kutoka adapta ya kompyuta mpakato. Adapta inakaa nje, pamoja na joto lake.

Hapa pana onyo. Kama mashine yako inatumia kile kisanduku cha umeme cha ndani, usikifungue ili utoe feni yake. Kapasita zilizomo hubaki na chaji kubwa hata baada ya kuchomoa waya ukutani, na chaji hiyo inaweza kuua. Feni yake ikikukera, tafuta ubao wa adapta ya nje.

Sasa kasha lenyewe. Kuna njia mbili, na mwenye mkoba mwepesi atapenda ya kwanza: bomba la moshi. Hewa ikipata joto huwa nyepesi na hupanda. Ukiiachia tundu chini na tundu juu, inajivuta yenyewe, kama moshi wa jikoni. Apple walitumia njia hii mwaka 2000 katika kompyuta yao ya Power Mac G4 Cube: umbo la mchemraba, lisilo na feni ya kupozea, hewa ikiingia chini na kutokea juu. Mwaka uliofuata walisimamisha utengenezaji wake, lakini kanuni ilikuwa sahihi. Simamisha ubao wima, si kuulaza, mapezi yake yaelekee juu na chini. Mapezi yakilala, hewa ya moto hunaswa katikati yake. Toboa matundu mengi sakafuni na paani, nyanyua kasha kwa miguu ya sentimita 2, basi. Gharama kubwa hapa ni uvumilivu wa kutoboa.

Njia ya pili ni kuufanya ukuta wa kasha wenyewe kuwa mapezi. Kichakataji hugusa kipande cha chuma, kipande hugusa ukuta, ukuta hugusa hewa ya chumba. Ni kazi ngumu zaidi, lakini kasha linaweza kuwa na matundu machache sana, na kwa vumbi jekundu la kiangazi hapa Uganda hiyo si faida ndogo. Alumini nzito yenye mapezi si lazima uiagize ng'ambo. Amplifaya za magari zilizokufa mara nyingi zina ganda la namna hiyo, na mafundi wa chuma wa Katwe, Kampala, watakukatia na kukutobolea ukienda na vipimo vilivyoandikwa. Bila vipimo watakukatia wanavyoona wao.

Kila mpaka ambapo chuma kinakutana na chuma unahitaji uangalifu. Shaba hupitisha joto takriban mara mbili ya alumini. Hewa hupitisha kidogo mno, mara maelfu chini ya alumini. Sasa weka vipande viwili vya chuma pamoja: kwa macho vimegusana, kumbe katikati mna vibonde vidogo vilivyojaa hewa. Pasta ya joto kazi yake ni kuifukuza hewa hiyo. Lakini pasta nayo ni dhaifu sana mbele ya shaba, kwa hiyo ikiwa nene inageuka kizuizi. Lainisha nyuso kwa msasa juu ya kioo bapa, futa, weka tone dogo katikati, kisha kaza skrubu kwa mshazari, kidogo kidogo, zamu kwa zamu. Vichakataji vya aina hii havina kofia ya chuma. Kile kioo cheusi kilicho wazi ndicho kichakataji chenyewe, na ukikaza upande mmoja kwanza, kona yake humeguka.

Ukuta ukiwa mbali na kichakataji, tumia bomba la joto. Hiki ni kifaa ninachokipenda kuliko vyote katika somo hili. Ni bomba la shaba lililozibwa pande zote, ndani yake mna maji kidogo na hewa imenyonywa, hivyo maji hayo huchemka kwa joto la chini. Upande wa moto maji hugeuka mvuke, mvuke hukimbilia upande wa baridi, hugeuka maji tena na kurudi kupitia utambi uliobandikwa ukutani mwa bomba. Hakuna pampu wala sauti. George Grover aliufanyia kazi ubunifu huu kule Los Alamos, Marekani, mwaka 1963. Ukipata mabomba haya kwenye kompyuta mpakato mbovu, yapinde polepole kwa mpindo mpana. Likikunjika au kutoboka limekufa, na huwezi kulikata ili litoshe.

Hesabu kabla ya kujenga. Tuseme njia yako inapandisha nyuzi 2 kwa kila wati. Wati 15 ni nyuzi 30. Chumba kikiwa na nyuzi 28, kichakataji kitakaa kwenye 58, vizuri kabisa. Sasa ingiza kasha lilelile ndani ya kabati la televisheni lenye milango, hewa ya ndani ifike nyuzi 45: kichakataji kinakwenda 75 bila kuongeza kazi yoyote. Kabati limeharibu mashine nzuri.

Mbao za mvule zinapendeza, na naona wengi wanatamani kasha la mbao. Tumia mbao upande wa mbele tu, kwa sababu mbao huzuia joto. Alumini tupu inayong'aa nayo hutoa mnururisho kidogo wa joto. Kuipaka rangi nyeusi nyembamba nje husaidia kiasi, ila sehemu zinazogusana ziache bila rangi. Kumbuka pia kwamba sanduku la chuma huzuia Wi-Fi, kwa hiyo antena itoke nje, na kama unatumia rimoti ya mwanga, acha kidirisha mbele.

Diski iwe ya SSD. Diski ya zamani inayozunguka itakurudishia kelele uliyoikimbia. Hata hivyo, usishangae ukisikia mlio mwembamba usiku: koili za umeme kwenye ubao au adapta hutetemeka wakati mwingine, na dawa yake ya kawaida ni kubadilisha adapta au kupunguza kikomo cha wati kwenye mipangilio ya BIOS.

Kabla ya kufunga skrubu za mwisho, weka Kodi, cheza filamu ya saa 2 mchana wakati wa joto kali, na utazame kipimo cha joto kila dakika 10. Chuma kizito hujaa joto polepole, hivyo dakika 20 za mwanzo hudanganya. Namba ikitulia chini ya 80, funga kasha. Ikiendelea kupanda, fungua tena uangalie pasta kwanza, kisha matundu ya chini, ambayo mara nyingi huzibwa na kitambaa cha meza.