Pete Haivuki Tena Kifundo

SWALI: Msomaji wa Kakamega ana kaka aliyekuwa akivaa viatu namba 42, leo hata 45 vinambana. Pete ya ndoa haivuki kifundo, meno yameachana, kichwa hakiishi kuuma. Jirani anasema amerogwa.

JIBU: Hajarogwa. Dalili hizo humfanya daktari ashuku uvimbe wa pituitari, tezi iliyo chini ya ubongo, ndogo kama punje ya njegere. Aghalabu uvimbe huo si saratani, ila humwaga homoni ya ukuaji kupita kiasi. Mtu mzima harefuki tena, kwa hiyo hupanuka viganja, nyayo na taya. Ukimpata mtoto, humrefusha kupita kiasi: Sultan Kösen wa Uturuki alifika sentimita 251, akatibiwa kwa mionzi Virginia, Marekani, mwaka 2010.

Pierre Marie, daktari Mfaransa, aliuita ugonjwa huu wa watu wazima akromegali mwaka 1886.

Kaka aanzie hospitali ya rufaa ya kaunti, akibeba picha zake za zamani, hata kitambulisho cha kwanza. Sura hubadilika polepole mno hivi kwamba wa nyumbani hawaoni. Apimwe damu (IGF-1, kiashiria cha homoni ya ukuaji), sukari na presha, kisha apigwe picha ya MRI. Uvimbe ukionekana, upasuaji wa kuuondoa kwa kawaida hupitia puani. Akianza kutoona pembeni, asingoje miadi.