Chipu Isiyojulikana Ndani ya Deki ya CD: Isome Kabla ya Kulipia

Deki ya CD inapokoma kutoa sauti, kauli ambayo mteja huisikia mara nyingi kwa fundi ni kwamba "IC imekufa". Kauli hiyo yaweza kuwa kweli. Yaweza pia kumfanya mteja alipie chipu ambayo haikubadilishwa kamwe, au iliyobadilishwa kwa ya bandia. Asiyejua jina la chipu yake hana namna ya kuthibitisha.

Tazama kioo cha deki kwanza. Ikiwa hakionyeshi hata idadi ya nyimbo, CD haisomwi, na mashaka yaanzie kwenye lenzi iliyochafuka, leza iliyochoka au mota. Ikiwa dakika zinahesabiwa lakini sauti haitoki, hapo ndipo chipu inayogeuza tarakimu kuwa sauti inapostahili kuchunguzwa.

Chomoa waya wa umeme kabla ya kufungua kifuniko, na usiguse sehemu ya kupokelea umeme, kwa kuwa kapasita huhifadhi chaji hata baada ya deki kuzimwa. Usiiwashe ikiwa wazi ukaikodolea macho lenzi. Leza yake ina urefu wa wimbi wa takribani nanomita 780. Jicho huiona kwa shida, lakini yaweza kulidhuru.

Maandishi yaliyochapwa kwenye bodi, mathalani IC301, si jina la chipu. Hayo ni anwani tu ya mahali ilipokaa. Jina limeandikwa mgongoni mwa chipu yenyewe. Likiwa limefifia, mulika tochi kwa mshazari na upige picha. Herufi za mwanzo husaidia kumtambua mtengenezaji: CXA na CXD ni za Sony, LA na LC ni za Sanyo, AN na MN ni za Matsushita. Herufi TDA hazitoshi, maana zimetumiwa na zaidi ya kampuni moja. Mara nyingi huwapo pia tarakimu nne za tarehe: 8931 maana yake ni wiki ya 31 ya mwaka 1989. Deki iliyotengenezwa mwaka 1989 ikikutwa na chipu ya 9412, basi kuna mtu aliyekwisha kuibadilisha.

Maandishi yakiwa yamefutika kabisa, hesabu miguu, kisha uangalie majirani. Kristali iliyoandikwa 11.2896 au 16.9344 ni dalili njema: hizo ni megahezi zinazotokana na kuzidisha 44,100, yaani idadi ya sampuli za sauti kwa sekunde katika CD, kwa 256 au kwa 384. Chipu iliyounganishwa nayo kwa kawaida hushughulikia tarakimu. Mwongozo wa ufundi wa modeli husika, ukipatikana, hutaja kila chipu kwa anwani yake, na hilo humaliza ubishi.

Chukua mfano wa TDA1541A ya Philips, inayotafutwa sana na wapenzi wa muziki. Ina miguu 28 na huhitaji volti 5 chanya, 5 hasi na 15 hasi. TDA1543, ambayo ni ya bei nafuu, ina miguu 8 tu. Hakuna fundi awezaye kuweka moja mahali pa nyingine bila kubadili saketi. Hatari kubwa zaidi ni chipu ya kawaida iliyosuguliwa na kuchapwa upya alama ya taji, ambayo Philips iliiweka kwenye chipu teule za daraja la S1, ili iuzwe kwa bei ya juu. Mgongo wenye mikwaruzo ya msasa, au wino unaotoka ukipanguswa kwa pamba yenye asetoni, ni sababu ya kutosha ya kutoinunua.

Unapokabidhi deki, andikishiana na fundi jina kamili la chipu iliyomo. Unapoichukua, dai risiti inayotaja jina la chipu mpya, pamoja na ile ya zamani mkononi mwako.