Mpe Seva Mzazi

Wengi wetu tunaosoma kompyuta, tukishajua kuandika skripti ya kuangalia seva moja, tunainakili mara ishirini kwa seva ishirini. Inafanya kazi, sikatai. Ila siku ukitaka kubadilisha kiwango cha onyo la diski, utahariri mpaka alfajiri.

Kwenye Nagios mimi naanza na kundi. Kipimo nakiandika mara moja kwa kundi zima. Seva mpya ikija, naiongeza jina tu.

Skripti yenyewe ni jambo dogo, Bash au Python, muhimu irudishe namba: 0 salama, 1 onyo, 2 hatari, 3 haijulikani. Hiyo 3 wengi wanaidharau. Skripti ikishindwa kusoma diski halafu ikarudisha 0, unaambiwa kuko shwari wakati hakuna aliyeangalia.

Sasa utamu wenyewe uko kwa wazazi. Kila seva itajie mzazi wake, yaani swichi inayopitia. Swichi ikizima usiku wa kuamkia siku ya mwisho ya usajili wa kozi, seva zilizo nyuma yake hazijafa, hazifikiki tu. Nagios ikimjua mzazi inatofautisha hali hizo mbili. Zima taarifa za kutofikika, simu italia kwa ajili ya swichi peke yake. Bila hivyo jumbe ishirini zinaingia kwa mkupuo, na aliye zamu, jamani, anaifunika simu analala. Asubuhi wenzetu wanakodolea macho ukurasa usiofunguka.

Kwa hiyo kabla hujaliamini faili lako, chomoa waya wa swichi ya majaribio, kisha hesabu jumbe.