Usiuze pikipiki kwa ajili ya i7

Mimi ni kijana wa miaka 26, naishi Nyakato hapa Musoma. Asubuhi na jioni naendesha bodaboda, mchana narekodi muziki nyumbani kwenye chumba kimoja cha bati. Nina laptopu ndogo ya Celeron N4020 yenye ramu ya GB 4, saundi kadi ya nje ya njia mbili na maiki mbili. Babu yangu ni Mkurya, amepiga litungu tangu ujana wake. Mwaka huu vidole vimeanza kutetemeka, akaniambia nimrekodi nyimbo zake zote kabla mkono haujakataa. Tumejaribu, lakini kila tukifika katikati ya wimbo sauti inakwaruza na kukatikakatika, inabidi aanze upya. Juzi aliweka litungu chini akasema basi, tuache. Iliniuma sana.

Ajabu ni kwamba kipimo cha prosesa kwenye programu kinaonyesha asilimia 30 tu. Shemeji yangu anasema Celeron si mashine ya studio, nitafute Core i7. Muuzaji mmoja wa Mwanza anayo laptopu ya i7-4600U. Rafiki yangu ananisukuma nichukue kompyuta ya mezani ya Ryzen. Hela sina, ila mteja wa pikipiki nimeshampata. Mke wangu bado sijamwambia. Nichukue prosesa gani?

Mjukuu wa mpiga litungu, Nyakato


Kijana wangu, swali la prosesa nitalijibu, ila kwanza mwambie huyo mteja kwamba pikipiki haiuzwi. Hiyo ndiyo inayoleta unga ndani, na tatizo ulilonieleza haliponi kwa kuiuza.

Jibu lako umeliandika mwenyewe uliposema kipimo kinaonyesha asilimia 30. Prosesa iliyozidiwa haionyeshi asilimia 30. Hapo kuna kitu kingine, na ukikielewa utaokoa hela nyingi.

Kompyuta hupokea sauti kwa mafungu, na ukubwa wa kila fungu ndio ile bafa unayoiona kwenye mipangilio ya saundi kadi. Ukirekodi kwa sampuli 48,000 kwa sekunde na bafa ukaiweka 128, prosesa inapewa chini ya milisekunde 3 kumaliza fungu moja kabla la pili halijafika. Ikichelewa mara moja tu, sauti inakatika na wewe unasikia mkwaruzo. Haijalishi kwamba muda uliobaki ilikaa bila kazi. Asilimia 30 ni wastani, na wastani hauoni kile kidonda cha milisekunde chache.

Anayeichelewesha ni nani? Mara nyingi ni draiva ya Wi-Fi au ya Bluetooth, antivairasi inayokagua mafaili, Windows inayojisasisha kimyakimya, au mpangilio wa kubana umeme unaoshusha kasi ya prosesa kila inapopumua kidogo. Mambo haya yanaweza kumkuta hata mwenye i9. Kazi ya kurekodi yenyewe ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani: maiki mbili kwa biti 24 zinaingiza kama kilobaiti 288 kwa sekunde, na saa nzima ya litungu na sauti ya babu inakula takribani gigabaiti 1. Celeron yako inaibeba.

Kwa hiyo wiki hii fanya hivi. Zima Wi-Fi na Bluetooth. Simamisha masasisho ya Windows kwa muda, na mpangilio wa umeme uweke kwenye ule wa nguvu kubwa. Hakikisha programu inatumia draiva ya ASIO iliyotoka kwa mtengenezaji wa saundi kadi yako, siyo ile ya jumla inayojipachika yenyewe. Ondoa plagini zote kwenye treki. Mwangwi na ekwalaiza utaviweka baadaye babu akiwa amepumzika. Kisha pandisha bafa hadi 1024. Sasa prosesa inapata zaidi ya milisekunde 21 kwa kila fungu, na mkwaruzo wako kwa sehemu kubwa utaishia hapo.

Najua utakachosema: bafa ikiwa 1024, anayejisikiliza kwenye hedifoni atajisikia amechelewa. Ni kweli. Sauti ikishaingia na kutoka, ucheleweshaji unapita milisekunde 40, na hakuna mpigaji anayevumilia hilo. Lakini babu yako hedifoni za nini? Amepiga litungu maisha yake yote akijisikia kwa masikio yake mwenyewe. Mvue hizo hedifoni, vaa wewe. Kama siku nyingine itabidi mtu aimbe juu ya treki iliyokwisha kurekodiwa, tazama kwenye saundi kadi: nyingi zina kitufe cha kusikiliza moja kwa moja, maiki inafika masikioni bila kupitia kwenye kompyuta, na ucheleweshaji hausikiki.

Kuna dawa nyingine ndogo. Ukisikia mvumo wa umeme chini ya sauti, chomoa chaja urekodi kwa betri. Mara nyingi mvumo unapotea palepale. Ila ukishachomoa, rudi ukaangalie ule mpangilio wa umeme, kwa sababu Windows hupenda kushusha kasi ikiwa kwenye betri.

Sasa prosesa, maana siku moja utanunua, na sipendi ununue kwa jina.

Shemeji yako anasoma herufi i na namba 7, anaishia hapo. Endelea kusoma. Katika i7-4600U, namba 4 baada ya kistari ni kizazi, na herufi U maana yake imetengenezwa kutumia umeme kidogo. Prosesa hiyo ni ya mwaka 2013 na ina viini viwili tu. Iweke kando ya i5-8250U ya mwaka 2017: kizazi cha nane, viini vinne, kasi ya juu GHz 3.4 dhidi ya 3.3. Ile i5 inaishinda i7 hiyo kwa mbali, na bado muuzaji atakutajia i7 kwa sauti ya mtu anayeuza kitu kikubwa. Zaidi ya hapo, Windows 11 inaanzia kizazi cha nane cha Intel, na Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Ukinunua kizazi cha nne leo, unanunua mashine ambayo njia yake imeshafungwa.

Halafu kuna suala la viini na kasi, ambalo huwachanganya hata mafundi. Wewe dereva utalielewa haraka. Abiria mmoja wa kutoka Nyakato kwenda Mwisenge hawezi kugawanywa kwa pikipiki nne ili afike mapema mara nne. Pikipiki nne zinasaidia abiria wakiwa wanne. Treki moja yenye plagini tano zilizofuatana ni huyo abiria mmoja: plagini ya pili inasubiri ya kwanza imalize, na zote hukaa kwenye kiini kimoja. Vivyo hivyo treki kuu ya mwisho, pale wimbo mzima unapopita. Ndiyo maana kwa kazi ya muziki kasi ya kiini kimoja ina uzito mkubwa, na wingi wa viini unakuja baada yake, siku ukichanganya kwaya ya treki 20, ngoma, kinanda na mwangwi kwenye kila sauti. Na hata siku hiyo, programu karibu zote zina uwezo wa kugandisha treki, yaani kuigeuza kuwa faili la sauti ili plagini zake zipumzike.

Kwa mtu wa kazi yako ningetafuta laptopu ya ofisi iliyotumika, Core i5 ya kizazi cha nane au zaidi, viini visivyopungua vinne, ramu ya GB 16 kama mfuko unaruhusu na GB 8 kama hauruhusu, diski ya SSD. ThinkPad T480 na EliteBook 840 G5 ziko katika kundi hili, na ramu yake inafunguliwa na kuongezwa. T480 ina betri mbili, ya ndani na ya kuchomoa, jambo ambalo mtu wa Musoma ataliona thamani yake umeme ukikatika babu akiwa kwenye ubeti wa tatu. Upande wa Ryzen, 5600U yenye viini sita ni nzuri sana ukiipata katika laptopu. MacBook Air ya M1, ya mwaka 2020, ina sifa ninayoipenda mno kwa kurekodi: haina feni kabisa. Lakini ramu yake haiongezwi, kwa hiyo unachonunua siku ya kwanza ndicho utakachozeeka nacho.

Kompyuta ya mezani ya Ryzen siikatai. Kwa hela ileile itakupa nguvu zaidi ya laptopu yoyote. Ila umeme ukikatika inazima papo hapo, na faili lililokuwa wazi linaweza kuharibika. Utahitaji pia UPS, skrini na mahali tulivu pa kuiweka. Iache mpaka uwe na studio inayojilipia.

Hapo kwenye utulivu nataka nikae kidogo, kwa sababu litungu linadai. Uzuri wake uko katika zile sauti nene zinazonguruma kisha zinafifia polepole juu ya ngozi. Katika kule kufifia ndiko feni ya kompyuta inakosikika. Prosesa zenye nguvu kubwa, zile za herufi H, hupata joto, na joto huwasha feni. Chini ya bati la Musoma saa nane mchana itavuma wakati wote. Joto likizidi prosesa hujipunguzia kasi yenyewe, ile nguvu uliyoilipia ikaenda bure. Mchana ndio muda wako wa kurekodi, nami nakuomba ukubali kupoteza abiria wa asubuhi moja. Anza alfajiri, kabla bati halijachemka na kabla mtaa haujaamka. Kompyuta iache chumba kingine kama kipo, au nje ya mlango, maiki uzivute kwa waya mrefu. Waya wa maiki unavumilia urefu; waya wa USB wa saundi kadi usiuzidishe mita 5. Tundika mablanketi au magodoro ukutani nyuma ya babu na pembeni yake, maana chumba kidogo chenye kuta tupu kinaweka mwangwi ambao hakuna prosesa itakayouondoa. Msimu wa masika, mawingu yakijikusanya ziwani na mvua ikikaribia kugonga bati, ahirisheni.

Wazee wetu wa muziki walifanya kazi na vifaa vichache kuliko vyako. Mara Jazz, bendi ya hapohapo Musoma iliyotamba na mtindo wake wa Sensera, ni ya enzi ambayo bendi nzima ilisimama mbele ya maiki na kupiga wimbo kwa mkupuo mmoja mpaka mwisho. Walioandaa rekodi zile walijua maiki ikae wapi, nani asogee nyuma, nani asogee mbele. Muda wako mwingi utumie hapo. Sogeza maiki moja shubiri chache kutoka kwenye ngozi ya litungu, nyingine kifuani mwa babu, rekodi dakika moja, sikiliza, sogeza tena. Hela ya kwanza utakayopata, kabla hujafikiria prosesa, tengeneza hicho chumba.

Kuhusu programu, kama uliyonayo ni ya wizi, huenda mkwaruzo wako unaanzia humo, maana vifurushi hivyo huja na wageni wanaofanya kazi zao nyuma ya mgongo wako. Jaribu REAPER. Ni nyepesi, inakupa siku 60 za kuijaribu bila kukunyima chochote, na leseni yake ya mtu binafsi ni dola 60.

Kabla ya kila wimbo mwombe babu aseme jina la wimbo huo, aliutoa kwa nani, na ulipigwa wapi: harusini, kwenye tohara, au watu wakinywa pombe ya mavuno. Acha maiki wazi akizungumza. Mafaili yahifadhi kama WAV, siyo MP3, na jioni hiyohiyo nakili kwenye diski mbili, moja ikakae kwa ndugu mwingine, Bunda au Butiama, mbali na nyumba yako.

Mke wako mwambie leo, pamoja na kwamba ulitaka kuuza. Asisikie kwa mteja aliyekuja kuulizia pikipiki mlangoni. Na babu usimwendee na maelezo ya kompyuta. Mwambie tu umepata tatizo lilipokuwa, na unamwomba wimbo mmoja, ule anaoupenda kuliko zote, asubuhi moja, bila kurudia. Wimbo huo ukitoka safi, mingine ataidai mwenyewe.

Hela ikishapatikana kwa bodaboda na ukafika kwa muuzaji, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua ukurasa wa utendaji, soma jina kamili la prosesa na idadi ya viini. Chomoa chaja uone betri inakaa muda gani. Nenda na saundi kadi yako, rekodi hapohapo dukani dakika 20, usikilize feni. Asiyekuruhusu kujaribu, mshukuru uondoke. Na namba ya prosesa niandikie kabla hujalipa.