Kuelemewa kwa Nafsi, na Sababu Zake

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baadu:

Jua, ewe ndugu, ya kuwa katika nchi ya Ufipa, baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, uko mji wa Sumbawanga, na husemwa maana ya jina lake ni "tupa uchawi". Basi mtu akishikwa huko na maradhi ya nafsi, akawa hali wala halali, akalia pasipo sababu, akatupa jembe au akafunga duka lake, wako wasemao amerogwa, na jirani yake hutiwa katika dhana. Mwaka 1963 na 1964 walipita Ufipa watu wa Kamcape, wakidai kuwafichua wachawi. Wala maradhi haya hayakukoma.

Suala: Maradhi haya ni nini?

Jawabu: Si mishipa iliyokatika. Ni nafsi iliyochukuzwa mzigo kupita nguvu zake, hata mwili ukakataa kazi. Sababu zake ni msiba, deni, mavuno kuharibika, khofu ya siku nyingi, kukosa usingizi, ulevi, na pengine ugonjwa wa mwilini. Na mara nyingi hukutana mbili tatu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyekufa mwaka 322 wa Hijra (934), aliandika ya kuwa huzuni ni namna mbili: moja sababu yake yajulikana, na ya pili haijulikani, nayo hutoka mwilini.

Suala: Je, ni alama ya upungufu wa imani?

Jawabu: La. Imamu Ghazali, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafii, alikuwa akisomesha Nidhamiya ya Baghdad. Mwaka 488 (1095) ulimi wake ulifungika asiweze kufundisha, na chakula kikawa hakipiti. Matabibu wakasema ugonjwa umeshuka moyoni, kisha ukaenea mwilini. Naye alipoyasimulia hayo hakumtaja mchawi. Alimlilia Mola wake, akaacha cheo, akaenda Sham.

Suala: Yapasa kufanywa nini?

Jawabu: Kwanza, kuchunga ulimi. Kumsingizia mtu uchawi ni dhulma, na sheria ya Tanganyika ya mwaka 1928, ambayo ingali na nguvu, yakataza jambo hilo. Pili, asomewe Qurani na apelekwe hospitali, kwani Mtume (s.a.w.) ameamrisha kujitibu, dua na dawa hazigombani. Tatu, apunguziwe mzigo: mwenye kumdai amngoje, na ndugu wamsaidie shambani. Akitaja kujiua, asiachwe peke yake hata kidogo. Nne, sala: maadamu akili ipo, sala haimwondokei, akishindwa kusimama asali kwa kukaa, na akishindwa kukaa, kwa kulala. Ama aliyeondokewa na akili pasipo kujitakia, kalamu imenyanyuliwa kwake mpaka apone, wala halipi sala zilizompita.

Basi amwonaye nduguye katika hali hii asiulize nani kamroga; aulize ni mzigo gani umemwelemea, kisha ashike upande mmoja. Wallahu aalam.