Asili na Mweneo wa Jina la Kambarage

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza jina la Kambarage, jina la kiume lenye asili ya Wazanaki wa mkoa wa Mara, Tanzania. Jina hili hufahamika nchi nzima, lakini si la kawaida miongoni mwa watoto. Hoja yetu ni kwamba jina lilipoenea lilibadilika maana, na mwenye kulieleza kwa asili yake tu hueleza nusu ya habari.

2.0 Asili

Katika imani ya Wazanaki, Kambarage ni mzimu wa kike wa mvua. Mwana wa Mtemi Nyerere Burito, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, aliitwa kwanza Mugendi, yaani mtembezi. Kwa ushauri wa omugabhu, yaani mpiga ramli, jina hilo lilibadilishwa likawa Kambarage. Hapa mvulana anapewa jina la mzimu wa kike: jina linaonyesha uhusiano wa mtoto na mzimu, wala halitangazi jinsia yake. Jina la baba nalo lina mantiki inayokaribiana na hiyo, kwani nyerere ni viwavi. Hivyo majina mawili ya mtu mmoja yanahifadhi mambo mawili yanayomhusu mkulima: mvua inayootesha na viwavi wanaoangamiza.

3.0 Mweneo

Kambarage alibatizwa mwaka 1943, na jina la Julius likatangulia. Katika maandishi mengi jina la kuzaliwa lilibaki herufi moja tu, K, katikati ya majina mawili. Kumbukumbu za kitaifa nazo aghalabu hutumia Julius au Nyerere. Uwanja wa Kambarage wa Shinyanga ni miongoni mwa zinazotumia jina hilo peke yake. Mzazi asiye Mzanaki anapomwita mwanawe Kambarage, kwa kawaida somo wa mtoto huyo ni Mwalimu, si mzimu. Ramli haihitajiki tena; jina la tukio limekuwa jina la heshima.

4.0 Hitimisho

Kuandika katika orodha ya majina kwamba Kambarage ni "mzimu wa mvua" ni sahihi kwa asili, lakini huenda kukampotosha msomaji kuhusu mtoto aliyepewa jina hilo Mtwara au Tanga. Mtafiti wa majina hana budi kuuliza maana ya neno, kisha aulize nani alilitoa, lini, na kwa ajili ya nani. Maswali hayo yaulizwe mapema, wangali hai wazee wanaoweza kuyajibu.